Maktaba ya Visogo

Kadi yangu ya kazi inasema mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Mawasiliano. Mama mkwe wangu, anayekaa Ujiji, aliisoma mara moja, akaingia chumbani, akatoka na simu tatu zilizokufa, moja imefungwa mpira ili betri isidondoke. "Mkwe," akasema, "hebu niangalizie hizi." Tangu siku hiyo sijafika Ujiji nikaondoka bila kupandishwa juu ya paa au kuinamishwa nyuma ya televisheni. Nimeeleza, na mke wangu ameeleza, kwamba mawasiliano yangu ni ya kuandika habari na kupiga picha kwa ajili ya shirika la kutetea haki za watoto. Mama huitikia kwa kichwa, halafu anauliza kama huo uandamizi ndio wanaopewa walioshindwa ufundi.

Na hapo hajaziona picha zenyewe.

Kompyuta yangu ina picha zaidi ya elfu tatu za watoto wa mkoa wa Kigoma, na karibu zote ni za visogo. Kisogo cha Kibirizi kikitazama mitumbwi. Kisogo cha Kasulu kikitazama ubao. Visogo vinne vya Uvinza vimejipanga mbele ya bomba la maji kana kwamba bomba linataka kuhutubia. Kipo kimoja cha Kagunga, jua linazama upande wa Kongo, masikio yamekuwa mekundu kama yamewashwa taa kwa ndani. Hicho nakihesabu kuwa kazi bora ya maisha yangu. Wenzangu niliosoma nao uandishi wa habari wana picha za marais. Mimi mtoto akipita barabarani simtambui mpaka amenipa mgongo.

Sisemi kanuni ya shirika letu, ya kutoonyesha uso wa mtoto, ni mbaya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Novemba 1989 na Tanzania ikauridhia mwaka 1991, una ibara ya 16 inayompa mtoto faragha yake, na sababu nimeiona kwa macho. Mei 2015 Warundi waliokimbia vurugu kwao walijaa kwenye kijifuko cha Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Ikabidi meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuja kuibuliwa na Waingereza, iwe inawasomba mafungu kwa mafungu kuwaleta Kigoma mjini. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu. Mtoto aliyetoroka watu fulani usiku hana haja ya uso wake kuzunguka kwenye simu za watu haohao. Pale kisogo ni heshima, na mimi sina neno.

Neno langu ni kwamba kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtoto yule inatumika vilevile, bila kupunguzwa hata nukta, kwa mtoto aliyepewa begi la shule.

Chukua siku ile ya Kibirizi. Nilikwenda mwaloni asubuhi kumtafuta mvulana mmoja aliyekuwa kwenye mradi wetu. Nikamkuta bibi yake anageuza dagaa juu ya kichanja, anawasambaza kwa kiganja kama mtu anayepapasa nguo kutafuta kifungo kilichopotea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unanunua?"

Sikuwa nanunua. Nilikuwa na fomu ya ridhaa, kurasa nne, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu asiyejua Kiswahili vizuri, ambaye ni mimi. Kanuni inataka mzazi au mlezi asomewe yote. Nikasoma. Bibi akawa anageuza dagaa. Nilipofika pale panaposema picha inaweza kutumika popote duniani, katika vyombo vyote vilivyopo sasa na vitakavyovumbuliwa baadaye, akanyanyua mkono nisimame.

"Vitakavyovumbuliwa na nani?"

"Sijui, bibi."

"Sasa mimi nakubali kitu ambacho hata wewe hukijui?"

Nikamwambia ndivyo fomu ilivyo. Akafikiri. "Basi hapo nitakuwa nimeshakufa. Lete wino." Akabandika dole gumba palipotakiwa, na gumba likaacha alama ya bibi pamoja na magamba mawili ya dagaa. Wiki iliyofuata mtu wa masjala alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kuuliza kwa nini faili la Kigoma linanuka.

Wakati mimi nahangaika na wino, bibi alikuwa amempeleka mjukuu ndani. Akatoka naye ameshaoshwa uso, amepakwa mafuta mpaka kipaji kinameta, amevalishwa shati la Idi na kufungwa vifungo vyote hadi cha shingoni. Vifungo viko mbele, uso uko mbele, mafuta yako mbele. Nikamwomba mtoto ageuke, atazame ziwa.

"Baba," bibi akaniita, maana uanangu ulikuwa umeisha hapohapo, "kwani huyu mtoto uso wake una nini?"

"Hauna kitu, bibi. Tunamlinda."

"Mnamlinda na nani?"

"Na watu wabaya."

Bibi akageuka kuangalia mwalo wote: wapakia dagaa, wauza chai, mafundi nyavu, kijana wa bodaboda aliyelala juu ya tangi la pikipiki. "Wapi? Hawa wote wanamjua."

Nikapiga kisogo. Kilikuwa na kovu refu kama kidole, la kuanguka mwembeni. Likumbuke hilo kovu, litarudi.

Baada ya picha inafuata nukuu. Swali limo kwenye mwongozo, sitakiwi kulibadilisha: ungependa kitu gani kibadilike katika maisha yako? Watoto wengi hujibu walichofundishwa kwenye klabu ya mradi, kwamba wanataka kuwa daktari au rubani. Huyu akakaa kimya muda mrefu, akikwangua mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Nataka mwezi uwe mkubwa kila siku."

Kwa wasiokaa ziwani, dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Giza likiwa nene, taa inawavuta dagaa wanakusanyika chini ya mtumbwi, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikishika, taa haina ujanja. Dagaa wanatapakaa, na mitumbwi inalazwa nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Katika siku hizo hakuna wa kumwamsha mtoto saa kumi alfajiri akapokee dagaa na kuwaanika. Analala kama watu. Anafika shule macho yako wazi. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, yeye alikuwa wa kwanza kufika shuleni kila siku, ingawa nyumbani, bibi aliniambia, mboga ilikuwa jina tu.

Maneno sita. Ndani yake mna ziwa, njaa, shule, usingizi na bibi. Mimi nimekaa chuoni miaka mitatu na kazini miaka mingi, sijawahi kuandika sentensi kama hiyo. Nilirudi ofisini kwa bodaboda nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi.

Kosa langu lilikuwa kuituma ikaidhinishwe.

Idhini kwetu ina ngazi saba. Wa kwanza alikuwa mtu wa ulinzi wa mtoto, na yeye simlaumu: akauliza kama mtoto anafanyishwa kazi usiku, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza, akalipeleka jambo kwa afisa ustawi wa jamii wa huku kwetu, na hiyo ndiyo hatua pekee katika hadithi hii iliyomsaidia mtu. Wa pili, wa miradi, akaandika pembeni kwa rangi nyekundu: mwezi haumo kwenye viashiria vyetu. Wa tatu akataka takwimu za mwezi. Wa nne, mwanasheria, akahofia mwezi mkubwa usije ukachukuliwa kuwa alama ya dini fulani tukaonekana tunapendelea. Wa tano akapendekeza badala ya "mwezi" tuweke "mwanga", na kwa kuwa mwanga peke yake unaning'inia, uwe mwanga wa elimu. Wa sita akauliza mbona mtoto hajamshukuru mtu yeyote. Wa saba alikuwa likizo.

Mwezi ulikuwa umeandama mara mbili nukuu iliporudi. Ilisomeka hivi: "Kupitia mradi huu nimejengewa uwezo wa kutambua fursa zangu, na ninawashukuru wadau wote kwa mwanga wa elimu walionipatia," alisema Hamisi (si jina lake halisi), mwenye umri wa miaka 11.

Si jina lake. Si maneno yake. Uso hauonekani. Kilichobaki cha kwake ni umri, na wenyewe bibi aliukadiria, maana cheti cha kuzaliwa hakuna.

Halafu kuhusu hilo jina. Kibirizi huwezi kutunga jina la uongo. Taja Hamisi, wapo. Taja Juma, wapo zaidi. Baba wa Hamisi mmoja wa kweli alikuja mpaka ofisini amevaa kanzu, ametulia sana, kuuliza mwanawe ameshukuru kwa kitu gani, na hicho kitu kiko wapi.

Mtaniuliza nani aliyeiandika ile sentensi ya wadau. Tuendelee.

Wageni wa makao makuu wakija Kigoma huomba vitu viwili: waone watoto, na waone mwembe wa Livingstone. Watoto wanaandaliwa. Mwembe uko Ujiji, kilomita chache tu kutoka mjini. Wenyeji watakwambia iliyopo leo ni mizao ya ule wa zamani uliokufa. Pana makumbusho, na ndani yake sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana. Hao mabwana wawili ndio watu pekee Ujiji nzima ninaoruhusiwa kuwapiga picha uso bila fomu. Nimewapiga mara nyingi. Ni jambo la faraja.

Na kadiri nilivyopeleka wageni pale ndivyo nilivyozidi kumwona Stanley kama ndugu wa kazini. Alikuja mwaka 1871 akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa na bosi, na gharama zake ziko juu ya gazeti. Akamkuta mzee amechoka, anaumwa, hana dawa. Kilichobaki duniani kutokana na mkutano ule ni ile salamu ya kudhania, "Dakta Livingstone, nadhani?", ambayo kila mgeni wangu huitamka chini ya mwembe huku akicheka peke yake. Livingstone mwenyewe hakuiandika popote. Kwenye shajara ya Stanley, kurasa zinazohusu mkutano ule zimechanwa, na mwandishi wa maisha yake, Tim Jeal, anaona kuna kila dalili kwamba salamu ile aliitunga baadaye. Kwa hiyo maneno yaliyoipa Ujiji jina kuliko yote huenda hayakutamkwa Ujiji. Yalipitia idhini. Tofauti yangu na Stanley ni kwamba yeye aliichukua salamu ya kawaida akaifanya isisahaulike.

Siku hizi nikisimama pale huwa najiuliza wale wapagazi na watoto wa Ujiji waliokusanyika siku ile walisema nini. Hilo hakuna aliyelichana, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Tatizo la kazi hii ni kwamba haiishii ofisini. Nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, nyumba za kubanana. Mtoto akilia mtaani saa yoyote, madirisha yanafunguka, na watu hawaangalii kilio kinakotoka, wanaangalia kwangu. Mama jirani akimchapa mwanawe kofi hupaza sauti kuelekea ukutani kwangu: "Nampenda ndiyo maana!" Watoto nao wamegundua kuwa mimi ni silaha. Nimewasikia kwa masikio yangu wakimwambia baba yao mtu mzima, "Tutakusemea kwa baba Neema." Baba huyo sasa hanisalimii. Niliingia shule moja kupiga visogo, mwalimu mkuu akaketi ghafla juu ya kitu kirefu, akaendelea na mazungumzo ameegemea upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Kanuni za adhabu shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Sikuuliza kitabu. Nilichoona ni kwamba fimbo ilikuwa inamchoma.

Neema mwenyewe yuko darasa la tano. Nilifanya ujinga wa kuleta nyumbani kile kijitabu chetu cha haki za watoto, chenye michoro. Mkataba una ibara 54, na mwanangu amechagua mbili. Ukimwambia aoshe vyombo anakutajia ya 31, inayohusu kupumzika na kucheza. Ukimwambia anyamaze anakutajia ya 12, inayotaka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. "Na vyombo vinanihusu, baba." Mama yake aliuliza kwa upole kama kijitabu kina ibara ya akina mama, mimi nikasema hapana, naye akakipeleka jikoni, na sijakiona tena.

Kisha kuna tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kuandamana. Kila mwaka naandaa sherehe yake, na kila mwaka inatoka vilevile: watoto wanakaa juani, watetezi wao hemani. Mtoto mmoja anasoma risala kwa mgeni rasmi. Risala nimeiandika mimi. Mgeni rasmi anaijibu kwa hotuba, na hotuba nayo nimeiandika mimi, kwa hiyo siku ile huwa najiomba madawati saa nne asubuhi na kujiahidi madawati saa sita mchana.

Lakini nilikuwa nazungumzia kovu.

Mwisho wa mwaka tulichapisha kalenda. Kisogo cha Kibirizi kikapendwa na ngazi zote saba, hata yule wa likizo, kikapewa Machi. Mtoto aliomba mwezi, tukampa Machi. Kalenda moja ikatundikwa dukani pale mwaloni, na kabla mwenye duka hajamaliza kupiga msumari, watu walishaliona kovu. Kufika Januari mtoto alikuwa hana jina lingine. Machi, lete ndoo. Machi, bibi anakuita. Mwalimu wake anamwita Machi. Yule ambaye uso wake tuliuficha ili asijulikane sasa anajulikana mpaka Katonga, kwa nyuma.

Nikaripoti, kwa kuwa kanuni inataka niripoti. Tukakaa kikao cha saa mbili kwenye kompyuta, mtandao ukikatika kila mtu akianza kusema jambo la maana, kujadili kama kisogo ni sehemu ya utambulisho wa mtu. Kikaamua ndiyo. Waraka ukatoka: kuanzia sasa, mikono au miguu.

Nilirudi Kibirizi na fomu mpya. Hii ina kurasa tano. Bibi hakungoja nisome, alinyoosha gumba akiwa anaangalia kwingine, na magamba yalikuwa matatu. Mwalo umesogea tangu siku ile. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, na kichanja cha bibi kimehamia nyuma ya choo cha jirani.

Machi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikuwa amesomewa ile habari shuleni.

"Wadau ndio akina nani?" akaniuliza.

"Ni watu wazuri wanaokusaidia."

"Wanavua?"

"Hapana. Wanakaa mbali."

Akaitafakari hiyo. "Na mwezi mbona hukuuweka?"

Nikajifanya narekebisha lenzi. Nikamwambia leo hatupigi kisogo wala uso, leo ni miguu tu, akae hivyohivyo alivyo. Akaitazama miguu yake: imekauka mchanga mpaka magotini, magamba yamenasa katikati ya vidole, ukucha mmoja hauko. Akaruka chini kutoka juu ya mtumbwi.

"Ngoja nikanawe," akasema.